Asiye na Jina Hana Mstari

Watu waliniita Chumvi, nami sikuwapinga, maana hawakukosea. Kila neno linalopita mdomoni mwangu hutoka limekolea kuliko lilivyoingia. Nikiona paka nitakwambia ni chui, na nikimwona chui nitakwambia tulisalimiana. Mama yangu, Mungu amrehemu, akinituma kuuliza habari za mgonjwa alikuwa anatuma na mtu wa pili nyuma yangu, ili apate na ile ya kweli.

Kazi yangu ilikuwa bawabu wa makaburi ya jiji. Miaka thelathini na mmoja nimefungua lile lango asubuhi na kulifunga jioni, na katikati yake nikaandika kitabu cha maziko. Shule niliiacha darasa la nne. Mwandiko nilijifunzia kwenye mawe ya makaburi, ndiyo maana hata leo nikimwandikia mtu barua ya posa, nyumba nzima huanza kulia kabla hawajaifungua.

Nilipostaafu nikajipa kazi nyingine, ya kuhudhuria vikao vya baraza la jiji. Hufanyika kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, ukumbi wa juu, penye feni tatu ambazo moja inazunguka, moja inalalamika na moja ilishastaafu kabla yangu. Madiwani wanakaa mbele kwenye viti vyenye mito. Wananchi tunakaa nyuma ya kamba, kwenye viti vya plastiki vinavyokung'ang'ania ukisimama. Baada ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, baraza hutoa nusu saa ya maoni ya wananchi. Watu ni sita, kila mmoja dakika tatu, na mwenyekiti ana kengele ya shaba ya kumkatiza anayejisahau.

Mimi kengele haikuwahi kunikatiza. Mwezi wa kwanza tu niliwaeleza habari za shimo la mtaa wetu, jinsi kuku wa jirani alivyotumbukia akiwa kifaranga akatoka bibi mwenye wajukuu. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Wiki ile ile shimo likazibwa. Wenzangu waliokuwa wameandika barua mwaka mzima kuhusu shimo lilelile wakanishika mkono. Basi nikaamini kwamba uongo wangu unafanya kazi kuliko ukweli wao. Hapo ndipo nilipoanza kuanguka, ila wakati ule nilidhani napanda ngazi.

Sasa nimlete shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Ni mtu wa maneno machache. Anafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba moja ya wageni, na mikono yake inanuka sabuni hata Jumapili. Siku moja aliingia kwangu bila hodi, jambo ambalo si kawaida yake, akaweka karatasi mezani na kuikandamiza kwa kikombe changu isipeperuke. Ilikuwa nakala ya tangazo lililobandikwa kwenye lango la makaburi. Jiji linapanua barabara. Litachukua ukanda wa mashariki, kando ya ua, "eneo lisilo na maziko".

Aliniuliza kama nimeliona hilo neno. Nikamwambia nimeliona.

Hapa ni lazima nirudi nyuma miaka ishirini na minne. Shemeji alijifungua mtoto wa kike, akaishi siku mbili. Mama mtu alibaki kitandani hospitali, homa imempanda, hajui usiku wala mchana. Mdogo wangu akaja langoni kwangu na mtoto mikononi, amemfunga kwenye shali ya mama yake. Tulichimba wenyewe, yeye na mimi, kule kando ya ua wa mashariki, kwa sababu huko ndiko tulikowaweka watoto wote waliokufa kabla ya kupewa majina. Juu yake tukaweka nusu tofali, kama tulivyowawekea wengine.

Halafu tukaingia ofisini, nikafungua kitabu. Kitabu kile kilikuwa na safu nne, namba, jina, tarehe na mahali. Bosi wangu alinifundisha siku ya kwanza kwamba asiye na jina hana mstari. Mstari wenye safu tupu unaharibu ukurasa, na wakaguzi hawapendi. Mdogo wangu aliniomba niandike hata "mtoto wa kike". Nikamwambia safu inataka jina.  Alinisaidia kurudisha majembe bandani, akaenda zake.

Kwa hiyo watoto wale hawamo kitabuni. Na ramani ya jiji ilichorwa kutoka kwenye kitabu. Mhandisi hakudanganya alipoandika kwamba eneo halina maziko. Aliamini mwandiko wangu.

Shemeji alipopata nafuu, mdogo wangu alijaribu mara moja kumpeleka akaone, wakafika langoni, miguu ikamgoma mwanamume, wakarudi. Hawakurudia tena. Kisha mdogo wangu naye akafa, akazikwa upande wa magharibi, na yeye mstari anao. Hivyo duniani akabaki mtu mmoja anayejua yule mtoto alilala wapi, naye ni mimi. Shemeji hakuwahi kuniuliza, na mimi sikujitolea kusema. Nilimwona tu mara kwa mara, akitoka kazini, akisimama nje ya ua wa mashariki kidogo, kama mtu aliyeingiwa na jiwe kiatuni.

Utaratibu wa baraza niliujua vizuri kuliko madiwani wengine. Mambo madogo, yale wanayoyaita ya kawaida, hupitishwa yote kwa pamoja, kwa mkupuo, mikono inyooshwe mara moja. Lakini mwananchi akisimama kwenye ile nusu saa akalipinga jambo kwa mdomo wake, jambo hilo linachomolewa kwenye fungu na kujadiliwa peke yake. Upanuzi wa barabara ulikuwa kifungu cha tisa, herufi D. Tukapanga kwamba shemeji atasema yeye ni mama, mimi nitasema nilikuwa bawabu. Kisha waweke ua mwingine, au wahamishe watoto kwa heshima, vyovyote, mradi iandikwe kwamba wapo.

"Ukisema tu kwamba ulishika jembe, inatosha," aliniambia. "Na leo uongo wako uufungie kabatini, shemeji."

"Huo uongo ukilia huko ndani je?"

"Ulie. Tutaufungulia tukirudi."

Tulifika mapema. Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni, ina mistari sita. Shemeji alikwenda bombani kunywa maji, na mimi mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaandika jina la kwanza. Kabla hajarudi wakapanda ngazi watu wanne wa mtaa mmoja, wenye malalamiko ya takataka na taa, wakajaza mistari minne. Akabakiwa na wa sita. Akasema si neno, mradi yumo.

Karani wa baraza, kijana wa tai na kalamu mbili mfukoni, akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba wakubwa wamenuna tangu asubuhi, wamegombana kwenye kamati, na kwamba yeye anamshukuru Mungu akiona jina langu limetangulia. "Mzee Chumvi," akaninong'oneza, "tuchangamshie ukumbi kidogo, wenzako nao wapate kusikilizwa."

Naomba usinicheke. Lilikuwa neno tamu, nikalimeza lote. Hata nikajiambia kwamba namsaidia shemeji. Nikiwalainisha mimi, yeye atapita kwenye njia iliyofagiliwa.

Kikao kikafunguliwa. Wakathibitisha kumbukumbu. Wakabishana muda mrefu kama lango la soko lipakwe kijani au bluu, wakakubaliana kwamba watakubaliana mwezi ujao. Kisha nikaitwa.

Nikawaeleza kwamba zamani zile za ubawabu, asubuhi moja nilifungua lango nikakuta wafu wamepanga foleni mbele ya ofisi yangu, kila mmoja na lalamiko lake. Wa mbele alikuwa diwani wa zamani, na kifo hakikumwachisha tabia, akaanza na hoja ya utaratibu. Wa pili alitaka kuhama kwa sababu amelazwa karibu na mkwewe. Wamesikia habari za barabara, nikasema, na wanaliomba baraza tukufu liweke matuta, maana malori yakipita kasi wanaamka wakidhani ndiyo ile siku ya kufufuliwa, wanavaa, wanatoka, halafu wanaambiwa bado.

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mhandisi wa jiji alificha uso kwenye ramani yake. Diwani mmoja mnene wa dirishani alikuwa akiipiga meza kwa kiganja. Mwenyekiti aliisogeza kengele mbali na mkono wake ili isimponyoke. Nikaona sasa pamelainika, nikaingiza lililonileta. Nikasema katika ukanda wa mashariki wapo watoto wachanga. Hawamo kitabuni kwa sababu hawakuwa na majina. Nimewazika kwa mikono hii.

"Na hao nao walipanga foleni?" akauliza yule wa dirishani, na kicheko kikapanda upya.

Mwenyekiti alijifuta macho. Alikuwa mtu mwangalifu, sitamnyima haki yake. Aliinua mkono watu wanyamaze, akainama mbele.

"Mzee Chumvi, naomba nielewe, kwa ajili ya kumbukumbu," akasema. "Hilo ni pingamizi, au ni hadithi?"

 Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameshika karatasi yake magotini, ananitazama kama unavyomtazama mtu anayevuka chumba na glasi iliyojaa hadi ukingoni. Nilifungua mdomo niseme pingamizi. Neno lilikuwepo, nililihisi kwenye ulimi. Lakini mbele yangu zilikuwa nyuso arobaini, midomo imeshapinda tayari, wananingoja. Nimeishi na wafu miaka thelathini na mmoja, hakuna hata mmoja aliyewahi kuningoja hivyo.

"Mheshimiwa," nikasema, "hadithi ni pingamizi lililovaa kofia."

Walicheka mpaka ile feni mbovu ikatikisika. Mwenyekiti akagonga kengele kwa ukunjufu, karani akaandika kitu kifupi, nikarudi kukaa. Nikamnong'oneza shemeji kwamba sasa ni zamu yake, awanyooshee. Hakugeuka.

Wakaja wale wanne. Wa takataka alitaja kila lundo kwa pembe yake. Wa taa alieleza nguzo moja moja, na mwenyekiti, kwa kuwa amefurahi, hakumkatiza mtu. Saa ya ukutani iko juu ya mlango, nyuma yetu, kwa hiyo sisi wananchi huwa hatuioni. Mimi nilikuwa nimekula dakika kumi na moja. Hilo nililijua baadaye. Wa nne wao alipomaliza, mwenyekiti akatazama juu ya vichwa vyetu, akasema nusu saa imekwisha, analishukuru jiji kwa kuwa na wananchi wachangamfu.

Shemeji alikuwa ameshasimama, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele.

"Mheshimiwa, nimebaki mimi. Ni maneno mawili tu."

Mwenyekiti alimjibu kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokata. Akamwambia kanuni ni kanuni, akimvunjia yeye leo atamwambia nini wa mwezi ujao. Karatasi amkabidhi karani, itapokelewa. Nami nilijua inakopokelewa. Kuna trei ya waya kwenye kona, imeandikwa "Zilizopokelewa", na vumbi lake lina umri.

Nikainuka. Nikasema kwa sauti kwamba lile nililolisema ni kweli, kwamba watoto wapo. Watu wakacheka tena, wengine wakageuka kunitazama kwa shukrani, kama unavyomtazama mwenyeji anayekuongezea chakula umeshashiba. Mwenyekiti akaniambia ya leo yametosha, nyingine niwawekee akiba. Shemeji alinivuta koti nikae. Hakunivuta kwa hasira, alinivuta kama unavyomkalisha mtoto ambaye ameshaangusha sahani.

Karani akasoma mambo ya kawaida, kifungu cha tisa, A mpaka H, akauliza kama kuna lililopingwa. Kwenye karatasi yake hapakuwa na pingamizi. Wanaokubali wakanyoosha mikono. Herufi D ilipita katikati ya ukarabati wa choo cha stendi na ununuzi wa mapazia, kwa muda usiotosha kupenga kamasi.

Tuliteremka ngazi, yeye mbele. Nilikuwa nasema maneno mengi, kwamba nitaandika barua, kwamba nawajua watu. Kwenye kona ya kuagana akasimama.

"Walikuuliza vizuri, shemeji," akasema. "Swali lao lilikuwa zuri kabisa."

Akaenda kwake.

Kesho yake nilikwenda kwa karani. Alinipa kiti, akanisikiliza. Akanieleza kwamba jambo lililopitishwa haliwezi kufunguliwa ila na diwani aliyelipigia kura, tena katika kikao kijacho, na mkandarasi anaanza Jumatatu ya wiki ya pili. Alinionyesha rasimu ya kumbukumbu. Sehemu yangu ilikuwa sentensi moja: "Mstaafu mmoja alitoa hadithi iliyowafurahisha wajumbe." Nikamuuliza kama alinituma makusudi nile muda. Alishangaa, au alijua kushangaa. Hadi leo sijui, na sitamsingizia. Mdomo ulikuwa wangu.

Nilikwenda kwa yule diwani wa dirishani. Alianza kucheka mlangoni kabla sijamwamkia, akamwita mkewe aje asikie. Nilipotoka pale nilipita makaburini. Bawabu mpya aliniruhusu nikione kitabu. Nikafungua mwezi ule, mwaka ule. Mwandiko wangu umenyooka, mistari imefuatana, hakuna nafasi hata ya kupitisha wembe. Ukurasa safi kabisa. Hakuna mkaguzi ambaye angeulalamikia.

Jumatatu hiyo asubuhi shemeji alinikuta nje ya mlango wangu nimeshavaa. Hatukuambizana tunakwenda wapi. Katapila lilikuwa limeshafika, limesimama kwenye njia, dereva wake anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Vigingi vimepigwa chini vikiwa na vitambaa vyekundu. Shemeji alikuwa na viatu vya kazini na mtandio begani.

"Nionyeshe," akaniambia.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba ningeweza kwenda nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa na alama yangu, nguzo ya chuma iliyopinda, kisha nusu tofali la tatu kuelekea ndani. Lakini ua ulikuwa umebadilishwa baada ya mimi kustaafu. Nguzo zote ni mpya, zote zimenyooka, zinafanana kama askari. Chini, kwenye nyasi, nusu tofali zilikuwa zimetawanyika. Nyingine zimezama, nyingine zimevunjika, nyingine pengine watu wamechukua kuegeshea mapipa ya maji. Nilitembea polepole, kama mtu anayejua, na kila hatua nilijua kidogo zaidi kwamba sijui.

Nikasimama mbele ya nusu tofali moja.

"Ni hili."

"Una hakika?"

"Nina hakika, shemeji."

 Nilingoja aniulize lile swali la mwenyekiti, na safari hii nilikuwa nimeliogopa. Hakuniuliza. Akapiga magoti, akalizungushia vidole udongoni mpaka likaachia, akalifunga kwenye mtandio. Tulipokuwa tunatoka dereva alituamkia kwa heshima, akangoja tufike langoni ndipo akawasha injini.

Barabara sasa imekwisha, ni pana, haina matuta. Baraza sijarudi. Alhamisi ya mwisho wa mwezi nakaa nyumbani, na majirani wanasema Chumvi ameishiwa. Waache waseme.

Wiki iliyopita nilipita kwa shemeji alasiri. Nilimkuta uani, beseni mbele yake, analiosha lile tofali kwa sabuni na brashi laini, anaosha kila pembe, kisha analigeuza. Mashuka ya wageni yamelowekwa pembeni, yanangoja zamu yao. Nilivuta kigoda nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu njiani, ya kumwambia ukweli kuhusu asubuhi ile, na kama kawaida yalikuwa marefu mno.

Hakuinua kichwa.

"Hata kama silo lenyewe, shemeji," akasema, "ni la mmoja wao."

 Nikavuta ndoo, nikamwagia maji, akasuuza.